Zamu ya Shamba la Nasimiyu

Jumatatu, 1 Machi 1965

Mvua ya kwanza imenyesha leo alasiri. Daftari hili nimelinunua dukani kwa Chande pale Malaba, na naliandika kwa sababu moja tu: sitaki kusahau. Watu huniambia, "Mama Phoebe, wacha yapite." Yapite kwao. Kwangu yatakaa hapa, kwa wino.

Sisi ni nyumba nane kwenye kilima hiki, Wateso na Wabukusu, na tuna ujima wetu. Kila mtu anatoa siku zake na kile anachokijua. Leo sote tunalima kwako, kesho kwangu, mpaka mzunguko unakwisha. Mzee Oriokot anaezeka nyumba, na ndiye anayepanga zamu. Mildred ana cherehani. Nasimiyu, Mama Wekesa, anafinyanga vyungu. Mimi nina jicho.

Nasema jicho, sitanii. Wimbi letu la uji likiwa na urefu wa kidole, humea pamoja na gugu linalofanana nalo kabisa. Tunaliita wimbi mwitu. Likifika magotini hata mtoto analijua, lakini kufikia hapo limekwisha kula shamba. Mimi nalitambua likiwa dogo, kwa sababu shina lake chini limebapa na lina weupe. Kwa hiyo siku za palizi ya kwanza mimi hutangulia mbele ya mstari nikang'oa, na wengine wanaangalia nilichong'oa, wanafuata.

Sasa ya mwaka jana. Mume wangu alikufa mwezi wa nne, wiki ileile ya zamu yangu. Shamba la nyumba yenye msiba haliguswi kwa siku tatu, kila mtu hapa anajua. Nasimiyu akamwendea Mzee Oriokot, akamwambia nimeamua kukaa matangani mwezi mzima, akaomba siku yangu apewe yeye. Akapewa. Mimi nikasukumwa mwisho, na zamu yangu ilipofika tulikuta nyasi. Nilivuna kikapu kimoja. Phoebe wangu, mtoto wa miaka minane, nikampeleka Tororo kwa kaka yangu ili apate kula, na kaka akasema, "Siku utakayojaza ghala, njoo umchukue."

Mwaka huohuo Nasimiyu alijaza maghala mawili.

Alhamisi, 4 Machi

Nimepanda.

Jumanne, 9 Machi

Mvua. Nimekutana na Nasimiyu mtoni. "Habari ya nyumbani, Mama Phoebe?" Nyumbani! Nikamjibu nzuri.

Jumapili, 21 Machi

Nimetoka Tororo. Si mbali, ukivuka mpaka asubuhi, saa sita mchana umefika, na lile jiwe kubwa la Tororo naliona kila siku nikiwa mlangoni kwangu. Phoebe amenenepa. Wifi yangu Roselyn amemsuka nywele vizuri kuliko ninavyoweza mimi.

Tulipokuwa tunakula mtoto alisema, "Mama, nipe chumvi." Nikanyoosha mkono haraka nimpe. Kumbe hakuwa akiniambia mimi.

Roselyn aliona haya. "Ni mazoea tu, wifi," akasema. Nikacheka pamoja naye. Lakini njia nzima ya kurudi nilikuwa namlaani Nasimiyu kila hatua, na hatua ni nyingi. Roselyn sina ugomvi naye. Kaka yangu sina ugomvi naye. Aliyemchukua mtoto wangu anakaa mashamba mawili kutoka kwangu na anafinyanga vyungu huku anaimba.

Jumatano, 7 Aprili

Ujima umekuwa kwangu leo. Palizi safi. Sikuacha hata jani moja la mwitu. Mzee Oriokot amesema wimbi langu mwaka huu litavunja ghala. Nimefurahi, halafu furaha imekatika, kwa sababu nimekumbuka zamu ya mwisho katika mzunguko ni ya nani.

Ijumaa, 9 Aprili

Mvua. Nawaza.

Jumamosi, 10 Aprili

Nimepita karibu na shamba la Nasimiyu, lile la chini kijitoni. Mwitu umejaa pale kuliko mahali popote. Wimbi na mwitu vimesimama bega kwa bega, vyote kijani, vyote vizuri. Anayeweza kuvitenganisha ni mtu mmoja tu kwenye kilima chote hiki.

Jumatatu, 12 Aprili

Nimefanya.

Tulifika mapema, watu kumi na watatu. Nasimiyu alikuwa amepika uji wa kutosha na samaki mkavu wa ziwani, kutoka Osieko, hakubana kitu. Alikuwa na furaha, anamtania kila mtu. Akanishika mabega, akanisukuma mbele. "Tangulia, Mama Phoebe. Wewe ndio macho yetu."

Nikachuchumaa. Mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye gugu, kwa mazoea, na ilibidi niurudishe. Kisha nikashika wimbi, shina la kijani lililonona, nikaling'oa na kulitupa nyuma yangu mahali ambapo wote wangeliona. Nikaacha mwitu umesimama. Nikang'oa la pili. La kumi halikuniuma tena. Ardhi ilikuwa laini na yalikuwa yanatoka yenyewe.

Mildred, aliyenifuata, alisita. "Dada, hii si ndio wimbi?"

"Angalia tena."

Akaangalia. Akachukua muda. "Eeh, kweli. Wewe ndio unajua." Na akang'oa.

Hapo nilijua wamekwisha kuwa mikono yangu, wote kumi na wawili. Tulikwenda hivyo mpaka mchana, tukapumzika, tukarudi. Nasimiyu mwenyewe alikuwa katikati ya mstari anang'oa chakula chake kwa mikono miwili huku anaimba, na kila alipoimba niliongeza mwendo. Nilikuwa na hofu kidogo. Lakini nikisema nilijuta leo, nitakuwa nalidanganya daftari langu. Nilisikia utamu. Mwaka mzima nilikuwa sijasikia utamu wa kitu chochote.

Tulipomaliza shamba lilikuwa zuri ajabu, mistari imenyooka. Nasimiyu alinishukuru mara tatu. Nikamwambia ni kazi ya ujima, Mama Wekesa, tusishukuriane.

Alhamisi, 15 Aprili

Mvua nzuri. Nzuri kwangu, nzuri kwa mwitu.

Jumatano, 21 Aprili

Mvua.

Jumatatu, 26 Aprili

Mvua. Shamba la Nasimiyu linapendeza kuliko yote. Watu wanalisifu. Mimi pia nimelisifu.

Jumapili, 2 Mei

Nasimiyu amekuja baada ya kanisa, amebeba chungu kipya cha maji kichwani. Akakiweka chini, akakaa bila kukaribishwa, akawa anakwaruza udongo uliokauka kwenye kucha zake.

"Mama Phoebe, ile mambo ya mwaka jana," akasema. "Nilikukosea. Mzee yangu, baba ya watoto, alikuwa amepoteza kazi ya malori, nikaogopa watoto watalala njaa. Nikasema ile uwongo ya mwezi moja. Sikujua mtoto yako ataenda mbali hivyo."

Ningetaka kuandika kwamba moyo ulilainika. Uliwaka. Mwaka mzima alikuwa wapi? Anakuja kuomba msamaha sasa, ameshiba, palizi imekwisha, shamba linasifiwa. Na kibaya zaidi, anakuja baada ya mimi kwisha kumlipa. Wimbi lililong'olewa wiki tatu halirudi ardhini kwa sababu ya chungu.

"Yamepita, Mama Wekesa," nikamwambia.

Akalia. Nikampa maji ya kunywa. Chungu ni kizuri, maji yanakaa baridi.

Jumanne, 4 Mei

Sikumwomba aje kuomba msamaha. Naandika hili ili nikumbuke.

Jumamosi, 8 Mei

Mvua. Mwitu ukikua unajilaza nje kama mikeka. Wimbi linasimama. Siku zozote kuanzia sasa.

Jumatatu, 17 Mei

Nimesikia ukelele kutoka kijitoni asubuhi, kama ule ambao watu huupiga kwa kifo. Nilikuwa nachemsha maji. Sikukimbia. Nilimalizia kuchemsha maji, ndipo nikaenda.

Nasimiyu alikuwa amesimama katikati ya shamba, mikono kichwani. Amezungukwa na nyasi tupu. Hapa na pale shina moja la wimbi, jembamba, kama mgeni aliyepotea. Watoto wake watano walikuwa wamesimama kando. Nilikuwa nimeingoja picha hii tangu mwezi wa nne, na katika picha yangu watoto hawakuwamo.

"Hii ni nini?" akawa anamwuliza kila anayefika. "Hii shamba yangu imekuwa nini?"

Watu waliinama, wakagusa mashina. Wakaanza kunigeukia mimi, mmoja mmoja.

Jumatano, 19 Mei

Mkutano umefanyika uwanjani kwa Mzee Oriokot. Naandikia ndani ya ghala, na kuanzia leo nitaandika mafichoni daima.

Mzee alianza kwa kukumbusha sheria ya ujima. "Mtu akiharibu shamba ya mwenzake kwa makosa, ni mkono ya binadamu, tunasamehe. Akiharibu makusudi, mavuno yake yote inaenda kwa yule ameharibiwa, na yeye anatoka. Hakuna mtu atamlimia tena." Kisha akanitazama. "Mama Phoebe, miaka kumi na mbili jicho yako haijakosea hata siku moja. Tuambie."

Hilo ndilo sikulifikiria! Mtu mwingine yeyote angesema amekosea na wangeamini. Mimi sikosei. Sifa yangu yote ilikuwa imesimama pale kunishtaki. Nikaliona ghala langu likihamishwa kikapu kwa kikapu kwenda kwa Nasimiyu, nikamwona Phoebe akiomba chumvi kwa Roselyn mpaka siku ya kuolewa.

Nikasema, "Macho yangu yameharibika."

Mzee akasogeza kigoda chake karibu.

"Yalianza siku zile za palizi ya kijitoni, kama moshi," nikaendelea. "Niliona haya kusema. Mjane asiye na macho, nani atamtaka kwenye ujima? Sasa hata nyuso zenu sizioni vizuri. Nawajua kwa sauti."

Nasimiyu akauliza taratibu, "Na shamba yako, siku tano mbele ya yangu? Uliona?"

"Moshi haukuwa umeanza, Mama Wekesa."

Mzee Oriokot alinyanyuka, akaja na miche miwili mkononi, mmoja wa wimbi na mmoja wa mwitu, akaishika mbele ya uso wangu. Niliitambua kabla hajafungua vidole. "Unaona nini?" Nikakodoa, nikasogeza kichwa huku na huku. Nikasema naona ukijani tu.

Mildred akaangua kilio. Na baada yake wengine, hata mzee akapangusa uso. Wakanizunguka, wananishika mikono, pole dada, pole mama, kwa nini hukutuambia. Ni makosa, wakasema, si makusudi. Wakaamua kila nyumba itamtolea Nasimiyu kikapu kimoja wakati wa mavuno, na palizi yangu ya pili itafanywa wiki ijayo kama ilivyopangwa.

Nasimiyu peke yake hakunipa pole. Alinitazama machoni kwa muda mrefu, nami ikabidi nitazame pembeni ya sikio lake.

Ijumaa, 21 Mei

Mzee Oriokot amenichongea fimbo. Nzuri, ya mti mwekundu. Nimejikwaa mara mbili njiani kwa makusudi, mara ya tatu kwa kweli.

Jumanne, 25 Mei

Leo nilikuwa na zamu yangu. Waliniketisha kwenye kigoda ukingoni mwa shamba langu kama bibi kizee, fimbo magotini. Mstari uliongozwa na Nasimiyu, aliomba mwenyewe. "Nitamsaidia huyu dada yangu," alisema, na watu wakamsifu kwa roho yake.

Akajipanga upande wa kwangu, hatua nne tu kutoka kigodani. Wengine walikuwa mbali kidogo wameinama. Akanigeukia. Akashika shina la wimbi langu, linafika magotini, limenenepa, linakaribia kutoa kichwa. Akaling'oa polepole huku ananitazama. Akaliweka chini. Akashika jingine.

Nilishika fimbo mpaka vidole vikaniuma. Aling'oa mashina kumi na tisa. Niliyahesabu. Nilitazama mbele moja kwa moja, na macho yakaanza kutoa machozi yenyewe, na hata kuyafuta niliogopa.

"Mnaendelea vizuri, Mama Wekesa?" nikauliza, kwa sababu kunyamaza kulikuwa kubaya zaidi.

"Vizuri sana, Mama Phoebe. Si unaona?"

Akaacha. Akapalilia mstari wote uliobaki vizuri kabisa, bila kugusa wimbi jingine. Alikuwa anataka kujua tu. Sasa anajua.

Alhamisi, 27 Mei

Namngoja aende kwa mzee. Hajaenda.

Jumatatu, 31 Mei

Hajaenda.

Jumamosi, 5 Juni

Mildred ameniletea dawa ya majani, akanidondoshea machoni. Nusu saa nilikuwa kipofu kweli. Anataka nipelekwe kwa daktari wa misheni. Nimesema baada ya mavuno. Anakuja kila siku, ananipikia, anafagia. Ananihurumia mpaka natamani kumpiga.

Ijumaa, 11 Juni

Nasimiyu alinikuta peke yangu leo kwenye njia ya mtoni. Akasimama mbele yangu, akanong'ona kwa upole kabisa.

"Najua unaona. Ningesema kwa mzee, ningepata hiyo ghala yako yote. Lakini nimefikiria. Ghala inaisha mwaka moja. Wewe umesema wewe ni kipofu, basi kaa kipofu. Siku utaona, nitasema."

Kisha akasema kwa sauti, kwa kuwa watu walikuwa wanakuja, "Pita huku, dada, kuna jiwe." Na akanishika kiwiko.

Namchukia. Mwaka jana nilidhani namchukia, kumbe nilikuwa najifunza tu.

Jumatano, 23 Juni

Wimbi limetoa vichwa. Limefunga vidole vizuri, vizito. Hakuna wa kumwambia, maana mimi sioni.

Alhamisi, 8 Julai

Tumevuna siku mbili. Mimi nilipapasa na kukata polepole, wananiongoza mkono. Ghala limejaa mpaka paani! Tulikunywa pombe ya wimbi kwa mirija, na wakaniingizia mrija mdomoni kama mtoto. Nasimiyu alipokea vikapu vyake saba kutoka nyumba saba. Kimoja ni changu. Nilikibeba mwenyewe nikampa, nikakielekeza kidogo pembeni ya mikono yake, kama inavyotakiwa.

Ijumaa, 9 Julai

Ghala limejaa. Nitakwenda Tororo. Nitakwendaje? Kipofu havuki mpaka peke yake.

Jumatatu, 12 Julai

Mbele ya watu wote Nasimiyu amejitolea kwenda kumleta Phoebe. "Huyu mama anahitaji mtoto wa kumshika mkono," alisema. Mzee Oriokot alimbariki. Nami nikashukuru. Usiku na mchana nilikuwa nimeota nikimleta mwenyewe, nimembeba mgongoni hata kama ni mkubwa.

Jumamosi, 17 Julai

Nitaandika upesi.

Walikuja mchana. Watu wote wa ujima walikuwa uwanjani kwangu, wamekuja kuona. Nilimwona tangu wakiwa kwenye mti wa mwisho, gauni la bluu, amerefuka, anaruka madimbwi. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda. Nikakaa.

Nasimiyu alimsimamisha hatua tatu mbele yangu, akamwekea kidole mdomoni. "Usiseme kitu," akamwambia, na akawaangalia wote kwa tabasamu. "Tuone kama mama atakutambua."

Mwanangu alikuwa ananitazama usoni, macho yake makubwa, anasubiri. Alikuwa na uhakika, mtoto yule! Alikuwa ameanza kucheka kimyakimya, mabega yanapanda, kwa sababu alijua lazima nitamjua. Na Nasimiyu alikuwa nyuma yake, naye ananitazama usoni.

Nikisema jina lake, naona. Nikiona, ghala si langu, na bila ghala kaka yangu anamchukua tena kesho. Nililifikiri hilo lote katika muda wa kumeza mate.

Nikasema, "Nani huyo?"

Kicheko kikazimika. Nilikiona kikizimika. Alirudi nyuma hatua moja, akagonga miguu ya Nasimiyu, na Nasimiyu akamfunika na khanga yake. Nikanyoosha mikono kupapasa kama vipofu wanavyofanya. Nilipapasa mahali ambapo hayupo, huku naona kabisa alipo.

Mildred alikuwa analia kwa sauti. Watu walisema sijawahi kuonekana mnyonge kiasi hicho.

Jumapili, 18 Julai

Amelala hapa. Asubuhi aliniletea kikombe cha uji, akanifunga vidole kwenye mshikio, kimoja baada ya kingine, taratibu. Ana jino jipya mbele. Sikuweza kumwambia nimeliona. Nimemwuliza habari za Tororo, akajibu kwa ufupi. Hajaniita mama bado.

Baadaye tulikaa nje juani. Nilikuwa nashiba kumtazama kwa pembe ya jicho. Nasimiyu akatokea njiani, ana chungu kichwani, anakwenda sokoni. Hakutoa sauti. Hakusalimu. Aliinua tu mkono akanipungia, kama majirani wanavyopungiana siku zote za maisha yao.

Na mimi nikainua wangu.

Niliushusha haraka, lakini ulikuwa umekwisha kuinuka. Nasimiyu alikuwa anacheka, anaendelea na safari yake. Nilipogeuka, Phoebe alikuwa ananitazama. Aliutazama mkono wangu, akautazama mgongo wa Nasimiyu kule njiani, ambaye hakuwa amesema neno lolote. Nilimwona anafikiri.

"Kwa hivyo jana uliniona?" akaniuliza.